Tiki ya Kijani ya Mtaa wa Kinu

Katika nchi moja, ambayo jina lake halitajwi hapa kwa sababu jina la zamani limepigwa marufuku na jipya bado linasubiri kuzinduliwa, serikali ilikuwa na portali. Wananchi waliambiwa kwamba portali ni dirisha kubwa lililomo ndani ya simu, na kwamba humo serikali nzima imekaa ikiwasubiri, kuanzia karani wa vizazi mpaka karani wa vifo. Ofisi za zamani, zile zenye kuta na foleni, zilifungwa. Aliyetaka kuoa aliingia portalini, aliyetaka kuachana aliingia portalini, na aliyetaka kulalamika kwamba portali haifunguki alielekezwa, kwa upole kabisa, aingie portalini.

Portali hiyo ilijengwa kwa vipande. Kulikuwa na kipande cha leseni, kipande cha mazishi, na kipande cha kumpongeza Mtukufu Baba wa Kasi kwa siku yake ya kuzaliwa, ambacho ndicho pekee kilichofanya kazi mwaka mzima bila kukwama. Waliokuwa wakiandika msimbo wa vipande hivyo, yaani yale maandishi ambayo kompyuta huyasoma na kuyatii, walikaa ghorofa ya chini ya Wizara ya Kasi na Utaratibu. Mmoja wao alikuwa Tunu Makange, mwanamke mrefu mwenye mikono isiyotulia, aliyeipenda kazi yake mapenzi ambayo wenzake waliyaona kama dalili ya ugonjwa.

Kilichomtesa Tunu kilikuwa Sheria ya Uzinduzi. Katika nchi hiyo hakuna kitu kilichoruhusiwa kuanza kutumika kabla hakijazinduliwa, iwe daraja, iwe choo cha shule, iwe balbu. Sheria ilipotungwa hakuna aliyekumbuka msimbo, na kwa kuwa msimbo haukutajwa miongoni mwa vitu vilivyosamehewa, wanasheria wa serikali waliamua nao uwe unazinduliwa. Kwa hiyo Tunu akitaka kubadili rangi ya neno moja ilibidi lije turubai, waje kina mama wa kikundi cha ngoma wakiwa na kanga za sare, utepe ufungwe kwenye mlango wa chumba cha seva, na mgeni rasmi aukate, ahutubie, kisha abonyeze kitufe. Ikigundulika baadaye kwamba rangi imekosewa, basi kosa nalo lilikuwa limeshazinduliwa, na kulirekebisha kulihitaji turubai jingine.

Kina mama wa ngoma walikuwa hawapumziki. Kiongozi wao alimwambia Tunu siku moja, kwa nia njema kabisa, "Wewe kosea tu, mwanangu. Sisi tunapenda kucheza."

*

Ndipo likaja suala la Mnara. Mtukufu Baba wa Kasi alikuwa amesikitika kuona kwamba wageni wa nje wakija hawana pa kupigia picha na portali, maana portali haionekani kwa macho. Akaagiza ujengwe Mnara wa Portali, mrefu kuliko minara yote ya majirani. Wataalamu wakazunguka nchi nzima na vipimo vyao wakitafuta uwanja mtupu, na baada ya kuvipita viwanja vitupu vingi wakachagua Mtaa wa Kinu, ambao ulikuwa umejaa nyumba. Huko ndiko alikozaliwa Tunu. Mama yake, Bi. Siwema, bado aliishi huko katika nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa kukaanga vitumbua, chumba baada ya chumba, miaka yote ambayo Tunu alikuwa shuleni.

Serikali hiyo haikuwa ya mabavu. Ilikuwa serikali ya haki, na sheria ilisema wazi kwamba wenye nyumba wengi wakipinga, mradi utahamishwa. Ilisema pia kwamba kupinga kutafanyika kwa njia moja tu, kupitia Kipande cha Pingamizi kilichomo portalini, kabla ya Siku ya Mashujaa wa Kasi. Siku hiyo ikifika dirisha litafungwa, na yeyote ambaye hakupinga atahesabiwa ameridhia kwa furaha.

Bi. Siwema alijaribu. Alikaa kibarazani na simu yake ndogo, akavaa miwani, akajaza jina lake na mahali nyumba ilipo. Palipoulizwa sababu ya kupinga aliandika: Nimejenga mwenyewe. Kisha akatafuta kitufe cha Wasilisha asikione. Kwenye simu ndogo, picha ya Mtukufu ilikuwa imekaa juu ya kitufe hicho na kukifunika chote. Alipobonyeza pale alipodhani kipo, alimgusa Mtukufu kidevuni, na Mtukufu akaanza kuhutubia.

Akampigia bintiye. "Tunu, huyu mtu wenu haondoki."

"Mtu gani, mama?"

"Huyu wa kwenye simu. Mimi namwambia sihami, yeye ananihutubia habari za kasi. Nimezima simu, nimewasha, bado yupo, na amekasirika zaidi."

Tunu alicheka mpaka akakumbuka kwamba Mtaa wa Kinu mzima unatumia simu ndogo. Hapo kicheko kikamkauka. Aliifungua simu yake mwenyewe, iliyokuwa kubwa kidogo, akatazama, akaiona picha, akaona ncha ya kitufe ikichungulia chini ya tai ya Mtukufu. Nyumba ya mama yake ilikuwa imeshikiliwa na ncha ile tu.

*

Mkubwa wake kazini aliitwa Badru Mkwizu, Naibu Mkurugenzi wa Vipande. Kumwita mkubwa wa kazi tu ni kumpunja. Yeye na Tunu walisoma chuo kimoja na kuchangia sahani moja ya wali maharage, na likizo zikifika Badru, ambaye kwao kulikuwa mbali, alikuja kulala kwa Bi. Siwema. Kitumbua cha kwanza kutoka kikaangoni alipewa yeye, Tunu akinuna. Alimwita Bi. Siwema mama, na alipopata cheo mama huyo alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani Tunu kachumbiwa.

"Badru, picha inafunika kitufe," Tunu alimwambia.

"Picha ya Mtukufu haifuniki kitu," Badru alijibu akitazama mlango. "Inakilinda."

"Basi inakilinda kupita kiasi. Watu hawakifikii. Mama hakifikii."

Kusikia mama, Badru aliinuka akafunga mlango, na sura yake ikawa ile ya zamani. Wakakaa kutafuta njia. Kuipunguza picha ilikuwa uhaini. Kukiweka kitufe juu ya picha ilikuwa uhaini mkubwa zaidi, maana kitufe kingekuwa kimemkalia kiongozi wa nchi. Kukiweka pembeni ilikuwa ni kumlinganisha Mtukufu na kitufe, na kwa kosa hilo mchoraji mmoja alikuwa bado yuko ndani.

"Tumpandishe yeye," Tunu akasema. "Picha iende juu kabisa ya ukurasa. Kila kitu kingine kiwe chini yake, pamoja na kitufe."

Badru akapiga meza. "Tunu, wewe una kichwa! Nani atakataa Mtukufu kupandishwa?"

Lakini turubai lilikuwa halipatikani. Kalenda ya wageni rasmi ilijaa mpaka baada ya Siku ya Mashujaa, na Tunu alijua kwamba kipande kama hicho hakiandikwi sawa kwa mara ya kwanza. Utaandika, utajaribu kwenye simu hii, itakataa kwenye simu ile, utarudia. Kwa utepe mmoja kila jaribio, kaburi la mama yake lingekuwa limeshaota nyasi. Ndipo akamweleza Badru jambo alilokuwa akilifikiria siku nyingi. Wangetengeneza nakala ya portali kwenye kompyuta ya ofisini, portali ya pembeni, isiyo rasmi. Humo angebadili msimbo na kuona matokeo palepale, akikosea afute, ajaribu tena, bila hotuba. Kipande kikishakaa sawa ndipo kihamishiwe portali kubwa, kwa uzinduzi mmoja tu.

"Huo mmoja niachie mimi," Badru alisema. "Waziri ni mtu wangu, nitamleta akate utepe hata akiwa na homa. Wewe tengeneza, mimi nitahamisha."

Ufunguo wa kuhamishia vitu portali kubwa alikuwa nao yeye peke yake.

"Apa," Tunu alimwambia kwa utani.

"Naapa kwa vitumbua vya mama."

Hakuna kiapo Tunu angekiamini kuliko hicho. Alirudi mezani kwake akakunja mikono ya gauni.

*

Ilikuwa raha kumwona. Alibadili mstari, akatazama, ikawa. Akabadili mwingine, ikaharibika, akaurudisha ulivyokuwa, na hakuna aliyepiga makofi. Wenzake walisogea mmoja mmoja wakasimama nyuma ya kiti chake wamekunja mikono, hawajui washike wapi. Afisa mmoja mkongwe, aliyekuwa ameitumikia portali tangu ilipokuwa tangazo tu, aliona kitufe kikihama kutoka kushoto kwenda kulia bila mgeni rasmi, na ikabidi apelekwe nje apate upepo.

Kabla ya siku kwisha Mtukufu alikuwa juu ya ukurasa, ametulia, na kitufe cha Wasilisha kiko chini kinang'aa. Tunu akaongeza kitu ambacho hakuna aliyemwomba. Mtu akibonyeza na ujumbe wake ukapokelewa, itokee tiki ya kijani, kubwa, ili hata asiyeona vizuri ajue kwamba amesikika. Aliipenda tiki ile. Aliikuza na kuipunguza na kuikuza tena, akimfikiria mama yake na miwani yake.

Palibaki jambo moja. Mafundi wa nchi nyingine hujaribu kazi zao kwa majina ya kubuni. Katika nchi hii ilikuwa kosa la jinai kumbuni raia. Haki hiyo serikali ilikuwa imejiwekea yenyewe, na iliitumia kwa uangalifu, wakati wa uchaguzi tu. Aliyetaka kujaribu kipande ilibidi awatumie watu wa kweli wenye simu za kweli. Tunu akaona mbona ni heri, waliohitaji kupinga ndio haohao wangejaribu. Wangejaza mara moja tu, na kazi ikiisha kila kitu kingehama pamoja.

"Utahamisha kipande na walichojaza?" alimuuliza Badru.

"Kipande na vilivyomo. Unanionaje, Tunu? Yaani nihamishe sufuria niache ubwabwa?"

Na kwa kuwa watu wa Kinu walikuwa wameshahutubiwa vya kutosha na kila aliyetaka kitu kwao, Badru alijitolea kwenda naye mwenyewe ili wamwamini. Walifika Jumapili baada ya chakula cha mchana. Watu walikaa kwenye mikeka na ndoo zilizopinduliwa mbele ya nyumba ya Bi. Siwema, kila mmoja na kasimu kake mkononi, na Badru akapanda juu ya benchi.

"Shikamooni wazee wangu. Mimi si mgeni hapa, ubavu huu mnaouona umenenepea kwenye nyumba hii." Watu wakacheka. "Leo sikuja kama serikali. Nimekuja kama mtoto wenu. Jazeni, bonyezeni, na mkiona tiki ya kijani mjue imefika. Mkishaiona, laleni usingizi."

Mzee Hamduni, fundi baiskeli wa mtaa, mtu ambaye hakumwamini hata mteja aliyeletwa na baiskeli yake, aliinua mkono wenye grisi. "Imefika wapi, kijana?"

"Serikalini, mzee."

"Serikalini kupana. Mlangoni, ukumbini, au jalalani?"

"Itafika mikononi mwangu, mzee wangu, na nitaibeba mwenyewe."

"Muache bwana, Hamduni," Bi. Siwema aliingilia. "Huyu ni mwanangu. Amekula hapa."

Mzee Hamduni akashusha mkono. Wakaanza kujaza. Simu ya jirani mmoja ilikikata kitufe katikati. Tunu, aliyekaa kwenye kigoda na kompyuta mapajani, akabadili mstari mmoja, akasema, "Jaribu tena, dada," na kitufe kikatokea kizima. Simu ya Mzee Hamduni ilikuwa na kioo kilichopasuka, haikuonyesha kitufe kabisa. Tunu akakichungulia kile kioo, akahangaika kidogo, akaandika, akafuta, akaandika. "Sasa je?" Mzee alibonyeza kwa kidole gumba. Tiki ikatokea, ya kijani, ikipita juu ya nyufa zote.

"Heee!" mzee akasema. "Imenisikia."

Tiki zikaanza kutokea huku na huku kwenye mikeka, na kila moja ilipigiwa kelele. Watu wakaonyeshana simu. Wengine walibonyeza tena na tena kwa raha tu, wakazomewa waache tamaa. Bi. Siwema alikuwa wa mwisho, kwa kuwa alitaka wageni watangulie. Alipoiona tiki yake aliibusu simu, kisha akamfuata Badru na kumshika mashavu yote mawili kwa mikono yenye unga. Tunu aliwatazama akasema moyoni kwamba hata asipofanya jambo jingine maishani, hili limetosha.

*

Siku zikapita, na kwenye portali kubwa Mtukufu alikuwa bado amekalia kitufe. Tunu akaenda kuuliza.

"Nimeshahamisha," Badru alisema akiendelea kuandika.

"Mbona naona picha iko vilevile?"

"Tunu, na wewe. Kimeshaingia ndani, lakini kisheria hakionekani mpaka utepe ukatwe. Pingamizi zenyewe zinahesabiwa tangu siku walipobonyeza. Waambie mama na wazee watulie."

Kwingineko maneno hayo yangechekesha. Katika nchi ile, ambako barabara iliyojengwa na kutumika mwaka mzima iliandikwa kwamba haipo kwa kukosa mgeni rasmi, yalikuwa na akili kabisa. Tunu akampigia mama yake, akamwambia atulie. Mama alisema ametulia tangu Jumapili, na kwamba ameita fundi wa kusakafia baraza, maana sasa nyumba ni ya kukaa.

Siku ya Mashujaa wa Kasi turubai lilifungwa mbele ya wizara. Ngoma ilipigwa. Waziri, Mheshimiwa Daktari Injinia Ngwamba Kilatu, ambaye udaktari alitunukiwa na uinjinia alijitunuku, alishuka kwenye gari baada ya gari lenyewe kuzinduliwa, akapanda jukwaani. Tunu alikaa mstari wa pili amevaa gauni la sikukuu. Alikuwa ameshaandaa simu mkononi ili utepe ukikatwa tu ampigie mama yake amwambie kitufe kimetokea.

"Ndugu wananchi!" Waziri alianza. "Kasi ni nini? Kasi ni mwendo, na mwendo ni kwenda, na kwenda si kurudi! Leo dirisha la pingamizi limefungwa. Nimeletewa taarifa. Nikaisoma, machozi yakanitoka. Kutoka Mtaa wa Kinu, ndugu zangu, hakuna aliyepinga Mnara. Hata mmoja! Mtaa mzima umeridhia kwa furaha!"

Makofi yakapigwa. Tunu alidhani amesikia vibaya, akamtazama Badru. Badru alikuwa nyuma ya Waziri, suti mpya, akipiga makofi na wenzake kwa mikono iliyonyooka.

"Na kuna jingine," Waziri aliendelea. "Kijana wetu Badru Mkwizu, ambaye kuanzia dakika hii ni Mkurugenzi, amebuni portali ya pembeni! Kuanzia leo malalamiko yote ya wananchi yatapokelewa huko, papo hapo, bila turubai, bila foleni, bila kuisumbua portali kubwa yenye kazi nyingi za kitaifa. Mwananchi analalamika, anapata tiki ya kijani, anaridhika, na serikali inaendelea na kazi. Imejaribiwa Mtaa wa Kinu, na matokeo ni mazuri ajabu. Watu walibonyeza wakishangilia!"

Akakata utepe. Kwenye simu ya Tunu, Mtukufu alipaa taratibu mpaka juu ya ukurasa, na chini yake, mahali palipokuwa na Kipande cha Pingamizi, pakatokea neno Asanteni.

*

Tunu alimkuta Badru nyuma ya turubai, akinywa soda.

"Hukuhamisha," alisema.

"Tunu, sikiliza."

"Hukuhamisha. Ulikuwa huhamishi tangu ile siku ulipofunga mlango."

Badru aliweka chupa chini. Hakuonekana kuona haya, na hilo lilimtisha Tunu kuliko suti. "Waziri alishaamua Mnara unakaa pale. Ningehamisha, ningekuwa wapi mimi leo? Na mtaa ungeondoka vilevile kwa njia nyingine, yenye marungu. Hivi angalau walifurahi. Uliwaona walivyofurahi?"

"Alikushika mashavu, Badru."

"Nitamtafutia mama kiwanja. Nitalisimamia mwenyewe, portalini."

"Usimwite mama."

Badru akatazama huku na huku, akasogea. Sauti yake ilikuwa ya kirafiki, ile ile ya zamani ya kwenye sahani ya wali. "Na usije ukapiga kelele, nakwambia kwa faida yako. Niliwaambia ikifika mtaona tiki. Mimi sikuandika hata mstari mmoja wa msimbo ule. Nani aliweka tiki, Tunu? Nani aliwaambia jaribu tena, dada?"

Hapo ndipo Tunu alipochomwa. Mpaka dakika ile alikuwa na hasira ya mtu aliyeibiwa. Sasa aliona kwamba kilichoibwa kilikuwa mikono yake mwenyewe, ile isiyotulia, na kwamba imekwisha kutumika kufunga mdomo wa mtaa wake, mlango kwa mlango, huku akitabasamu. Badru alimjua miaka yote hiyo. Alijua kwamba akipewa tatizo na ruhusa ya kulimaliza upesi, hatauliza mengine. Alimpenda kama ndugu na alimsoma kama ndugu, halafu akamuuza. Tunu alitaka kumpiga. Kina mama wa ngoma walikuwa wanapita, akawapisha, na Badru akaitwa kupiga picha.

*

Tunu alikwenda Kinu moja kwa moja, na gauni lake la sikukuu. Alikuta mtaa uko katika hali ya watu waliolala vizuri. Mzee Hamduni alikuwa anapaka rangi mlango wa kibanda chake. Barazani kwa mama yake fundi alikuwa ameshaondoka, saruji mbichi imelainishwa, na Bi. Siwema amechuchumaa pembeni akifukuza kuku wasiikanyage. Alipomwona binti yake alisimama akiwa anacheka.

"Pita huku, huku bado mbichi. Hebu nambie, ilikuwaje? Badru yuko wapi?"

Tunu aliwaambia akiwa amesimama pale uani, kwa sababu hakuwa na pa kukaa na aliogopa akikaa hatasema. Majirani walisogea waliposikia sauti yake ilivyo. Aliwaambia kwamba pingamizi zao hazikufika kokote, kwamba walichojaza kilibaki kwenye portali ya majaribio, kwamba dirisha limefungwa na serikali imetangaza kwamba wameridhia.

"Kwa furaha?" mtu mmoja aliuliza.

"Ndivyo walivyosema."

Mzee Hamduni alikuwa bado ameshika brashi. "Na tiki?"

"Tiki niliiweka mimi, mzee."

"Ilikuwa inasema nini?"

"Ilikuwa inasema kwamba mmebonyeza. Basi."

Hakuna aliyemtukana, na angeshukuru kama wangemtukana. Mzee Hamduni alirudi kwenye mlango wake, akatazama upande uliopakwa rangi na upande ambao bado, akaiweka brashi kwenye kopo. Bi. Siwema aliuliza jambo moja tu, kama Badru alijua, na alipoambiwa alijua tangu mwanzo alitikisa kichwa polepole, akasema, "Na alikula."

Tunu akaanza kusema kwa haraka, machozi yakimtoka, kwamba mambo hayajaisha. Yeye ndiye aliyeandika msimbo, anajua kila walichojaza kiko wapi, atakwenda mahakamani aape kwa jina lake, na matingatinga yakija atasimama mbele yao pamoja nao, afukuzwe kazi, afungwe, lolote. "Mniamini," alisema. "Nawaomba. Safari hii mniamini."

Watu walitazama chini. Bi. Siwema alifuta saruji kwenye vidole kwa upindo wa kanga, kimoja kimoja, akamsogelea binti yake akamtazama usoni kwa karibu, kama alivyoitazama ile simu siku ya kwanza.

"Tunu mwanangu," akasema, "haya unayotuambia sasa ni yenyewe, au ni ya kujaribu?"

Hakuwa anamkejeli. Alitaka kujua.